Rili ya Consolata

Mlango wa buti la basi ulishuka kwa kishindo, na ncha ya fimbo ya Machibya ikakatika mbele ya abiria wote wa stendi ya Bweri, Musoma.

"Si nimekwambia uishike?" kondakta alifoka.

"Umesema niisukume!"

"Nimesema uishike, bwana mkubwa. Masikio yako yamebaki nyumbani?"

Watu walicheka. Machibya aligeuka kumtafuta aliyecheka zaidi ya wote, akamkuta msichana aliyevaa gauni la kitenge cha bluu, penseli imechomekwa kwenye nywele, amekalia furushi la nyavu lililoshushwa sasa hivi kutoka Mwanza.

"Pole, kaka," alisema msichana, bado anacheka. "Ila fimbo hiyo ni ya mtu anayelala kwake. Mtu wa safari anabeba ya vipande vinne."

"Wewe dada, unajua nini kuhusu fimbo za kuvulia?"

"Mengi kuliko wewe, inaonekana. Ya kwangu haijakatika."

Aliitwa Consolata. Kwao Butiama, duka lake la vifaa vya uvuvi liko Mwigobero, hatua chache kutoka ziwani. Machibya alikuwa wa Kabasa, Bunda, na kwa miaka minne alikuwa akiwapeleka wageni kuvua sangara kwa fimbo karibu na kisiwa cha Rukuba. Sasa kambi moja ya uvuvi huko Mafia ilikuwa imemwita baharini kwa msimu mmoja wa majaribio, na sharti lilikuwa kila mwongozaji aje na vifaa vyake. Zilikuwa zimebaki wiki mbili, na fimbo yake ndiyo hiyo, imelala vumbini kama mguu wa panzi.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni kwa Consolata, shati jeupe limepigwa pasi kuliko inavyohitajika kwa kununua fimbo.

"Samaki gani?" Consolata aliuliza bila salamu.

"Kolekole. Na jodari, wakipatikana. Mgeni anatupa chambo bandia, anavuta."

"Na utafikaje huko?"

"Basi hadi Dar, halafu ndege ndogo."

"Basi fimbo iingie ndani ya begi la nguo. Isiingie, utaiacha uwanjani." Alitandika fimbo tatu juu ya kaunta. Machibya alichukua iliyong'aa zaidi, nyembamba, ya vipande vitano. Consolata aliiunganisha, akaitikisa karibu na sikio lake. "Sikiliza."

"Inalia."

"Maungio yamelegea. Samaki mkubwa ataigawa tena vipande vitano, bila ruhusa yako. Chukua hii nene, ya vinne. Haina sura, lakini haisemi kitu."

Kwenye rili, kigurudumu cha kukunjia mshipi, wakabishana zaidi. Machibya alitaka ya rangi ya dhahabu.

"Hiyo ni ya kupigia picha," Consolata alisema.

"Na hiyo nyeusi ni ya kusagia mahindi?"

"Hii nyeusi inabeba mshipi mrefu, na breki yake haishtuki. Kolekole hakupi nafasi ya kujiuliza. Breki ikikwama mara moja tu, mshipi umekatika. Hapo ndipo msimu wako unapoishia."

"Umewahi kuiona bahari, wewe?"

"Sijawahi. Nimeuliza kwa wauzaji wa Dar, nimeangalia video mpaka bando likaisha. Na wewe umeiona?"

Machibya alitikisa kichwa. Kisha wote wawili wakaangua kicheko.

Consolata alimkabidhi fimbo yenye rili nyeusi, akajizungushia kanga mkononi, akafunga mshipi juu yake, akatoka mbio dukani. Rili ikaimba. Alipita katikati ya wauza dagaa, akakata kona kwenye matenga ya nyanya, gauni linapepea, na Machibya nyuma yake amejikita mlangoni, fimbo imepinda, anacheka, anakaza breki kidogo kidogo.

"Mvute, bwana!" walipiga kelele akina mama. "Huyo hapatikani sokoni kila siku!"

Aliporudi alikuwa anahema, jasho linameta juu ya mdomo. "Umeona? Haikushtuka."

"Mimi ndiye nimeshtuka," alisema Machibya.

Kwa wiki mbili alirudi kila siku, akinunua ndoana asizozihitaji. Siku ya kuondoka Consolata alimsindikiza Bweri, akamwambia, "Ukifanikiwa, sifa ni zako. Ukishindwa, watu watauliza umenunua wapi. Hivyo usishindwe, mpenzi."

Kutoka Mafia simu zilipigwa kila siku.

"Bahari ikoje, baba?"

"Kama ziwa lililonuna."

"Na samaki?"

"Wana nguvu, Consolata! Jana kolekole amenipeleka mpaka nikasahau jina langu. Lako sikulisahau."

"Mwongo wewe!"

Kila jioni, kabla boti haijafika ufukweni, Machibya alifanya walichofanya wavuvi wote wa ziwani tangu alipokuwa mtoto. Aliinama pembeni, akaichovya fimbo na rili yake majini mara mbili tatu, akakung'uta, akaiweka. Mkono ulifanya wenyewe. Ziwani, maji ndiyo yanayosafisha. Hakuwahi kufundishwa hivyo na mtu, wala hakuwahi kufikiri kwamba lipo jingine la kufundishwa.

Wiki ya tatu mgeni wake alishikwa na kolekole ambaye nahodha alimwona akigeuka chini ya boti, mpana kama meza. Rili iliimba kidogo, ikakwaruza, ikasimama. Mshipi ulikatika kwa mlio mkali. Mgeni alikaa tu akiitazama mikono yake. Hilo lilimuuma Machibya kuliko tusi.

Alipiga simu akiwa bado amelowa.

"Consolata, umeniuzia feki."

"Nini?"

"Rili imeganda kama jiwe. Umenidhalilisha mbele ya watu!"

"Ngoja kwanza. Fungua kifuniko cha pembeni, uniambie unaona nini."

"Naona uongo wako."

Akakata. Na kwa sababu hasira yake ilikuwa na mikono mirefu, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la waongozaji na wavuvi wa Musoma: *Ndugu zangu, msinunue rili kwa Consolata wa Mwigobero. Anauza feki.*

Consolata alilisoma neno lile amesimama nyuma ya kaunta. Mteja aliyekuwa mbele yake alilisoma pia kwenye simu yake mwenyewe, akaiweka rili chini taratibu, akasema atarudi. Hakurudi.

Hakulia siku hiyo. Alifikiri. Mtu wa Rukuba, jioni, anaifanyia nini rili yake? Alikuwa ameliona jambo hilo tangu utotoni, ila hakuwahi kulitazama. Alikoroga chumvi ya mawe kwenye beseni la maji, akachukua rili nyingine nyeusi kutoka rafuni, mpya kabisa, akaichovya. Jioni ya pili akaichovya tena, na kila jioni iliyofuata. Siku ya kumi na sita mkono wa rili ulikataa kuzunguka. Akafungua kifuniko: unga mweupe, kutu, vyuma vimeng'ang'aniana.

Sasa alijua. Alijua pia kwamba yeye, muuzaji, alimfundisha mteja wake kila kitu isipokuwa hicho. Angeweza kumpigia simu. Lakini alikuwa amechafuliwa mbele ya watu wote, na hakutaka kusafishwa chemba. Duka likazidi kupoa. Mwisho akafunga mlango, akaenda Butiama kumsaidia mama yake kumenya mihogo.

Machibya naye aliujua ukweli kwa aibu. Nahodha alimkuta anachovya rili ya kuazima, akamnyang'anya.

"Wee! Unaosha chuma kwa chumvi?"

"Kwetu huwaga tunachovyaga tu."

"Kwenu ni kwenu. Huku unaosha kwa maji ya bomba, unafuta, unapaka mafuta. Usipofanya hivyo, wiki tatu ni nyingi."

Wiki tatu. Machibya alikaa mchangani mpaka miguu ikafa ganzi. Mara kumi alishika simu, mara kumi akaiweka. Kuomba radhi kwa simu, baada ya kutukana mbele za watu, aliona ni uoga. Au ndivyo alivyojidanganya, maana ukimya nao ulikuwa uoga. Msimu ulipoisha kambi ilimwambia arudi ujao, alikuwa amejifunza. Habari hiyo haikuwa na ladha yoyote mdomoni mwake.

Mwigobero alikuta kufuli. Flora, muuza dagaa wa jirani, alimtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Duka umelifunga wewe, shemeji. Mwenyewe yuko kwao."

Butiama aliwakuta mama na binti uani, mihogo myeupe imeanikwa juu ya turubai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa feki?"

Machibya aliinamisha kichwa. "Ndiye, mama."

Consolata hakuacha kumenya. Machibya alitoa karatasi mfukoni, akampa kwa mikono miwili. Consolata aliisoma kwa sauti kavu:

"*Nimekosa Consolata, nimeirudia njia,*
*Hasira zilinivuta, neno baya nikatia…*"

Akaikunja, akamrudishia.

"Ni nzuri. Lakini siitaki."

"Nimeiandika siku tatu!"

"Uliponitukana hukuandika shairi. Uliandika mstari mmoja ambao kila mvuvi ameuelewa. Nirudishie jina langu hivyohivyo."

Machibya alitoa simu. Akafungua lile kundi la wavuvi. Akabonyeza kurekodi:

"Ndugu zangu, ni Machibya wa Kabasa. Rili ya Consolata haikuwa feki. Mimi niliichovya kwenye chumvi kila jioni kwa ujinga wangu, nikaiua. Halafu nikamsingizia. Kosa ni langu lote."

"Siyo lote," Consolata alisema kwa nguvu, ili simu imsikie. "Sikumwambia aioshe kwa maji ya bomba. Sikujua. Sasa najua, na atakayenunua kwangu nitamwambia."

Ujumbe ukaenda. Punde simu ikaanza kuita kama kuku wa asubuhi. Boniphace wa Rukuba alijibu kwanza: *Machibya, kumbe hasira yako pia uliichovya chumvi!* Wakafuata wa kucheka, wa kumzomea, mmoja akiuliza duka linafunguliwa lini. Masikio ya Machibya yaliwaka moto. Hakuizima simu.

Consolata alitua kisu juu ya muhogo, akamtazama.

"Nilitaka kuona," alisema polepole. "Mtu mwenye maneno mengi hivi, kama anaweza kusema *nimekosea* na asife."

"Nimekaribia kufa."

"Nimeona."

Mama alikohoa. "Kijana, umetoka Mafia mpaka hapa kwa ajili ya simu tu?"

"Hapana, mama." Machibya alipiga goti kando ya turubai, suruali yake nzuri ikapata vumbi. "Consolata, nataka wazee wangu wa Kabasa waje hapa kujitambulisha. Nikiruhusiwa. Waje Jumamosi?"

Consolata alichukua muhogo mwingine. Alianza kuumenya, ganda refu likishuka bila kukatika, na tabasamu likamshinda.

"Jumamosi ijayo," alisema. "Hii nafungua duka."