Chumba cha Nyuma Kule Tassia

Jioni hiyo Mulama na mkewe Khalayi walikwenda mtaa wa Tassia kuangalia nyumba. Hapakuwa na zaidi ya hilo. Mwezi mzima walikuwa wakiangalia nyumba, miguu imewavimba, na Khalayi alikuwa ameapa kwamba hii ndiyo ya mwisho.

Mulama alikuwa seremala katika karakana ya chuo kimoja cha ufundi, akitengeneza madawati na milango mpaka siku aliyostaafu. Siku hiyo alibeba vifaa vyake hadi nyumbani kwao mtaa wa Umoja, akavisukuma chini ya kitanda, na huko ndiko vilikobaki. Nyumba ya Umoja ilikuwa yao. Watoto walikuwa wametoka, na Khalayi alikuwa amechoka kufagia vyumba ambavyo havilaliwi na mtu. Yeye alitaka waipangishe, wahamie vyumba viwili vidogo, jiko likiwa karibu na kitanda, basi. Mulama alitaka mahali pa benchi lake la kazi. Mahali pa kupanga mbao. Mahali pa kusimamisha kabati likauke rangi.

"Karakana kubwa ya nini, Baba Eve?" Khalayi alimuuliza tena walipokuwa wakikata kona. "Unataka kuajiriwa upya?"

"Nataka nifanye kazi polepole bila kugonga kiwiko ukutani."

"Na mimi nataka kukaa na mtu. Hii miaka yote nimekaa na mtu anayerudi kulala tu."

Mulama aliendelea kutembea. Alikuwa amechoka, uchovu ule ambao hauishi kwa kulala, na maneno hayo walikuwa wameyarudia mpaka yakapoteza ladha.

Msimamizi wa ploti, mwanamume wa makamo aitwaye Mugo, aliwapokea langoni akiwa na ufunguo mkononi. Aliwaonyesha vyumba viwili vya chini. Vilikuwa safi. Khalayi aligusa sinki, akafungua dirisha, na kwa mara ya kwanza mwezi huo uso wake ukalegea.

"Na karakana?" Mulama akauliza.

Mugo aliangalia chini. "Iko stoo huko nyuma, mzee. Lakini ni kadogo. Ukitaka tuione kesho mchana..."

"Si tuko hapa tayari?"

Mugo aliwapeleka nyuma ya jengo, akawaonyesha mlango wa mabati, akampa Mulama ufunguo. Yeye mwenyewe alisimama mbali kidogo, karibu na kamba za nguo.

"Mimi nitangojea hapa," alisema.

Mulama alikipima chumba kwa macho, kama alivyozoea. Kutoka ukuta wa jengo hadi ukuta wa ploti, mtu hangeweza kutandika kitanda akabaki na pa kupita. Alikata tamaa hata kabla ya kufungua. Adhana ya magharibi ilianza kusikika kutoka msikiti wa mtaa wa pili. Alizungusha ufunguo.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza.

Mbao mbichi. Mbao zilizopigwa randa muda huohuo.

Aliingia, Khalayi akabaki mlangoni. Macho yalipozoea giza, aliona benchi. Lilikuwa benchi zuri, pana, na jiliwa lake la kubania mbao pembeni. Alipitisha kiganja juu yake, na uso wa benchi ulikuwa laini kama ngozi. "Hapa pangefaa," alijisemea, "kungekuwa na mahali pa kuweka mbao." Akageuka. Nyuma yake palikuwa na mahali pa mbao. Zilikuwa zimepangwa hadi darini.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililokuja kumsumbua baadaye, kwamba hakushtuka. Uchovu wote ulimpanda taratibu kutoka miguuni, mtamu, kama usingizi wa mchana. Alipiga hatua nyingine, na nyingine, na ukuta wa mwisho bado ulikuwa mbele huko.

Kisha akasikia.

Shwaaa... shwaaa...

Mtu alikuwa akipiga randa. Alisimama mwisho wa chumba akiwa amempa mgongo, shati jeupe, mabega yakienda na kurudi. Maranda yalimwangukia miguuni bila sauti.

"Karibu, fundi," yule mtu alinong'ona bila kugeuka. "Umechoka."

"Nimechoka," Mulama akajibu.

"Unataka nafasi kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Sema kiasi."

Mulama alifikiria kabati. Alifikiria meza kubwa ya watu wengi, ambayo hajawahi kupata pa kuiunda. "Nataka nizunguke kazi pande zote," alisema. Ukuta wa kushoto ukasogea. Haukutoa mlio wowote. Ulikuwa hapa, sasa uko kule.

"Sema tena."

Shwaaa... shwaaa...

"Nataka pa kukaa nikichoka."

Kiti kikawa pale. Nyuma yake, mbali sana, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya barabara kubwa, Mulama alisikia sauti ya mwanamke. "Baba Eve..." Aligeuza shingo. Mlango ulikuwa umekuwa mwanga mdogo tu, kama tundu la ufunguo.

"Huyo nani anaita?" yule mtu alinong'ona.

"Mke wangu."

"Hukumtaja."

Baridi ilimwingia Mulama mifupani. Ni kweli. Katika yote aliyoyaomba, hakumtaja. Na kila nafasi aliyopewa ilikuwa ikiongezwa mahali fulani. Ilikuwa ikiongezwa kati yake na Khalayi.

"Sema tena, fundi. Unataka kiasi gani?"

Kiti kilikuwa karibu. Kukaa tu. Kukaa kidogo...

"Nataka..." Mulama alikisukuma kiti kando. "Nataka mahali nitakapomsikia akiniita."

Randa ikanyamaza.

Yule mtu akageuka, polepole, mzima mzima. Mulama alingoja kuona uso.

Upande wa pili ulikuwa kisogo vilevile.

Mulama alikimbia. Alikimbia kama ambavyo hakuwahi kukimbia tangu ujana, kifua kikimwaka, vidole vikiparuza mbao, na nyuma yake hakuna hatua zilizomfuata, ila ile harufu tu, nzito, ikimshika kooni. "Baba Eve! Mulama! Mulama!" Sauti ilikuwa mbali, kisha karibu, kisha mkono ukamdaka kola na akaanguka nje, juu ya saruji, chini ya kamba za nguo.

Mlango wa mabati ukajibamiza.

Khalayi alikuwa amesimama akihema, kitambaa kimemtoka kichwani, bega lake limechubuka na kutoa damu.

"Ulikuwa unataka kujifunga," alisema kwa sauti iliyokauka. "Huo mlango. Niliuzuia kwa mwili."

"Niliingia ndani sana..."

"Ndani wapi?" Machozi yalikuwa yakimtoka. "Ulikuwa hapa tu! Umesimama, umeelekea ukuta, pua yako karibu iuguse. Nilinyoosha mkono kukushika nikakukosa. Nikanyoosha tena, nikakukosa. Na ulikuwa hapa tu, Baba Eve."

Mugo hakuwapo tena.

Ng'ambo ya barabara, mama mmoja wa makamo aitwaye Anisa alikuwa na kibanda cha chai. Aliwaona wakivuka wakishikana, akawaletea maji na benchi kabla hawajaomba. Aliangalia bega la Khalayi, kisha akamwangalia Mulama machoni kwa muda.

"Alikuuliza?" akanong'ona.

Mulama aliitikia kwa kichwa.

"Na ulimjibu nini?"

Alimwambia. Anisa alifunga macho, akasoma maneno fulani kimoyomoyo.

"Kulikuwa na fundi hapo," alisema hatimaye. "Alikuja na bibi yake, watu wazima kama nyinyi. Bibi alikuwa akija kukaa hapa kwangu, analia. Ananiambia, huyu mzee akinijibu ni kama anajibu kutoka mtaa mwingine. Siku moja mzee hakutoka stoo kabisa. Walivunja mlango, stoo ilikuwa tupu."

"Ni jini?" Khalayi aliuliza.

"Wengine wanasema mwenye ploti alilileta, wapangaji wajae. Wengine wanasema lilikuwa hapo hata kabla ya mji." Anisa aliinua mabega. "Mimi sijui, dada. Mimi husikia randa tu, adhana ya magharibi ikianza. Anayeingia akiwa na nguvu zake hutoka. Waliochoka ndio huulizwa."

Walirudi Umoja. Hawakuangalia nyumba nyingine tena.

Siku chache baadaye walikaa mezani wakakata shauri, na halikuwachukua muda kama walivyodhani. Hawatahama. Chumba kilichokuwa cha mtoto wao Eve kitakuwa karakana, benchi moja dogo chini ya dirisha. Mulama aliung'oa mlango kwenye bawaba zake, ili Khalayi asikie randa, naye Mulama asikie sufuria. Khalayi alitia kiti chake pembeni, akawa anashona hapo huku yeye akifanya kazi, na viwiko vyao viligongana mara nyingi, na hakuna aliyelalamika. Chumba cha tatu, cha nyuma, waliamua kukipangisha.

Mtu wa kwanza kuja kukiangalia alikuwa msichana mmoja, Idil, anayeuza nguo soko la Muthurwa. Alifika jioni moja akitoka kazini, amebeba viatu vyake mkononi kwa uchovu. Khalayi alimpenda papo hapo, akampa maji, akamwambia aingie tu ajionee, kwa kuwa hakuna cha kuonyesha. Kitanda na sanduku, basi, kimejaa.

Mulama alikuwa akisafisha patasi kwenye ukumbi. Alimsikia Idil akiingia. Kisha sauti ya msichana, ya furaha, ikitoka kule chumbani.

"Mama, kumbe ni kubwa hivi? Kwa nje inaonekana kadogo!"

Patasi ilimtoka Mulama mkononi. Alipofika, Idil alikuwa amesimama katikati ya chumba akitabasamu, akiangalia huku na huku, na Khalayi alikuwa tayari ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, amekaza miguu, anamwita kwa jina.