Pokkuri za Yuki

Siku ile, nyumbani kwa wachonga mitalawanda, viatu vya mbao, pale mjini Hita, walikuwapo Kyuzo, mkewe Shizu, binti yao Mitsu wa miaka saba, na bibi Toku, mama yake Kyuzo. Hakuwapo mwingine. Lakini wote wanne wakiwa wameketi wanakula wali na figili, huko ukumbini kukalia: pokku, pokku, pokku.

"Nani anatembea?" Toku akauliza.

"Panya, mama," Shizu akajibu haraka, uso umemwiva.

Kyuzo akacheka. "Panya gani kavaa pokkuri! Mitalawanda ya kila siku tuliiita geta, yaani za chini, kwa kuwa mguu unazikanyaga. Lakini hizi ndefu za mabinti zilijipa jina zenyewe, kwa mlio wao."

Toku hakucheka. Vijiti vya kulia vilimdondoka.

Shizu alijua. Asubuhi ile ilikuwa ya kuwapeleka hekaluni mabinti wa miaka saba, na Mitsu hakuwa na kitu ila geta kuukuu. Majirani wangesema mtoto wa mchonga viatu ndiye asiye na viatu vya maana. Basi Toku alipokwenda kisimani, Shizu alifungua sanduku la mkwewe bila ruhusa, akatoa pokkuri nyekundu za Yuki, binti wa Toku aliyefariki akiwa na miaka hiyohiyo. Kwa papara akamvisha Mitsu palepale juu ya mkeka, akamshusha moja kwa moja uani. Kushuka hivyo, kiatu kikiwa tayari mguuni, hufanywa na wabeba jeneza tu, wanapomtoa maiti ndani. Waliporudi, akazificha tena sandukuni, kimya.

"Mama," Mitsu akanong'ona sasa, "siisikii miguu yangu."

Shizu akaishika. Ilikuwa baridi kama gogo lililolala mvuani, na chumba kikajaa harufu ya ubani na mti mbichi, na ule mlio ukavuka ukumbi, ukapita nyuma ya mgongo wa Kyuzo, ukaja polepole kwa hatua za mtoto anayejifunza kiatu kirefu, hadi ukakoma kando ya Mitsu, pale ambapo mkeka ulibonyea na hapakuwa na mtu.

"Sema, mwanangu," Toku akamwambia Shizu kwa sauti ya chini. "Hasira zitangoja."

Shizu akaweka paji la uso mkekani. "Nilichukua za Yuki. Nikamshusha nazo kutoka mkekani. Na sasa hivi nimekudanganya kwamba ni panya, tukiwa kwenye chakula. Niliogopa aibu ya majirani, mama. Leo sina pa kuuweka uso wangu."

Alingoja kofi. Toku akamfuta machozi kwa ncha ya kimono yake mwenyewe. Kisha akaupa mgongo ule mkeka uliobonyea, akachutama kama mama anayetaka kubeba mtoto.

"Yuki, kipenzi, miguu hiyo si yako. Mwachie mwenzio. Njoo, panda kwa mama."

Mgongo wake ukapinda ghafla kwa uzito. Akazitoa pokkuri sandukuni, akatoka hivyohivyo hadi hekaluni, nazo kifuani, akipumzika kila kona, akikataa mkono wa Kyuzo. Kasisi akazisomea, akazitia motoni.

Kabla ya magharibi Mitsu alikuwa akikimbia uani. Toku alirudishwa kwa mkokoteni. Hakusimama tena kwa miguu yake, na Shizu ndiye aliyembeba mgongoni, kwenda kuoga na kurudi, mpaka alipofariki.