Trekta Lililonyweshwa Mafuta ya Kukaangia

Kila asubuhi Elinipendo alianza na ng'ombe. Aliwakatia migomba, akawakamua, akapeleka maziwa barabarani. Mumewe, Eliezeri, alianza na trekta. Alilizunguka, akapima oili, akagusa matairi, akalifuta vumbi kama mama anayemwandaa mtoto kwenda kanisani.

Trekta hilo lilikuwa la zamani. Eliezeri alilinunua likiwa chakavu miaka ishirini iliyopita. Nyumbani kwao Old Moshi, kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, halikuwa na kazi. Kazi yake ilikuwa chini, tambarare, kwenye mashamba ya mahindi. Lililima shamba lao na mashamba ya majirani. Kwa jasho la trekta hilo, Godlove, mtoto wao wa kwanza, alisoma hadi chuo.

Mwaka huo dizeli ilipanda bei. Eliezeri akaanza kukataa mashamba ya mbali. Elinipendo alimwona anavyokaa kimya mezani, moyo ukamuuma.

Siku moja Stella alikuja kuwatembelea. Stella ni binti wa kaka yake Elinipendo, na ni mpishi katika hoteli moja mjini Moshi.

"Shangazi, mafuta tunayokaangia chipsi yakichoka tunayamwaga," alisema. "Wageni wanasema kwao magari yanatembea kwa mafuta ya kupikia."

"Magari? Kwa mafuta ya chipsi?"

"Ndivyo wanavyosema. Trekta si linatumia dizeli? Jaribu."

Wiki iliyofuata Stella alileta madumu mawili. Elinipendo aliyachuja kwa kitambaa. Mchana wa jua kali, mumewe akiwa kwenye mkutano wa ushirika, aliyamimina yote kwenye tangi la trekta. Hakumwambia. Alitaka trekta lifanye kazi kwanza, ndipo amfurahishe.

Kesho yake kulikuwa na baridi kali. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Eliezeri alifunga tela lililojaa samadi ya kupeleka tambarare. Trekta likawaka kama kawaida.

Kutoka nyumbani hadi barabara kubwa kuna kilima kifupi lakini kikali. Eliezeri alipanda taratibu. Elinipendo alimfuata nyuma kwa miguu, yeye na jirani yake Martha, wakizungumza habari za kwaya.

Katikati ya kilima injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Kisha tela likaanza kurudi nyuma.

"Tokeni!" Eliezeri alipiga kelele. "Tokeni njiani!"

Martha alirukia kwenye miti ya kahawa. Elinipendo alibaki amesimama. Miguu ilikataa. Aliuona ubao wa nyuma wa tela ukimjia. Ghafla mkono wa Martha ukamshika gauni, ukamvuta. Wakaanguka wote wawili. Gurudumu likapita palepale alipokuwa amesimama, likaponda ndala yake.

Tela likagonga ukingo wa barabara, likapinda. Trekta likatulia. Eliezeri alikuwa bado ameshika usukani. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu.

Watu wakakusanyika. Ebenezeri, mdogo wake Eliezeri, alimsaidia kushuka.

"Nilikanyaga breki," Eliezeri alisema. "Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote."

"Kaka, mguu wako umechoka," Ebenezeri alisema kwa upole. "Umri umekwenda. Mwachie mtu mwingine trekta."

Eliezeri aliutazama mguu wake wa kulia. "Labda ni kweli. Nimekaribia kumuua mke wangu." Akatoa ufunguo, akampa ndugu yake.

Elinipendo alifungua mdomo. Neno halikutoka.

Siku mbili zilipita. Eliezeri hakugusa chakula. Siku ya tatu Ebenezeri alimleta fundi kutoka mjini. Aliitwa Amandeep. Yeye na baba yake, Surjit, wana karakana ya pampu za dizeli, na hakuna dereva wa trekta Moshi asiyewajua.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama," Amandeep alisalimu.

"Marahaba, binti yangu. Karibu," Eliezeri aliitikia.

Amandeep hakuuliza habari za mguu. Alifungua chujio la dizeli, akaligeuza juu ya beseni. Hakikumwagika kitu. Akaligonga. Likadondoka donge jeupe, zito, kama kipande cha mshumaa.

"Mungu wangu!" Ebenezeri alirudi nyuma. "Ni nini hicho?"

Amandeep alilisugua kwa kidole, akanusa.

"Chipsi," alisema. "Haya ni mafuta ya kupikia, ya mawese. Kwenye joto yanakuwa maji. Kwenye baridi ya huku juu yanaganda. Baba, injini yako ilizimika kwa njaa. Iliwaka kwa dizeli iliyobaki kwenye mipira, kisha mafuta hayakupita. Na tela lako halina breki. Likijaa hivi, kwenye kilima kile, hakuna mguu wa kulizuia. Hata kijana lingemshinda."

"Lakini mimi ninanunua dizeli sheli!" Eliezeri alishangaa. "Nani ametia haya?"

Elinipendo alisogea karibu na beseni.

"Ni mimi, Baba Godlove," Elinipendo alisema. "Stella aliniletea kutoka hotelini; wageni walimwambia kwao magari yanatembea kwa mafuta ya kupikia."

Eliezeri aliketi juu ya jiwe. Alimtazama mkewe.

"Siku mbili nimeuchukia mguu wangu. Nawe ulijua?"

"Sikujua kuwa ni mafuta," Elinipendo alilia. "Niliogopa kuwa ni mafuta. Ndiyo maana nilinyamaza. Nisamehe."

Eliezeri alivuta pumzi. "Ungekufa wewe," alisema. "Ungekufa, nami ningejilaumu hadi kaburini." Kisha akamgeukia fundi. "Tufundishe, binti yangu. Sote."

"Wageni hawakudanganya," Amandeep alisema. "Ipo dizeli ya mimea. Lakini hiyo imetengenezwa kiwandani kwa dawa maalumu, ikapimwa. Haitoki kwenye karai. Na hata hiyo haifai kwa trekta la umri huu. Mipira yake ya zamani inaweza kulainika na kuvuja."

"Na kuchanganya mafuta ya taa?" Ebenezeri aliuliza. "Wengi wanafanya."

Amandeep alichukua chuma kimoja cha pampu iliyoharibika kwenye pikapu yake. Kilikuwa na mikwaruzo mingi. "Pampu kama ya trekta hili inalainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni makavu. Chuma kinasaga chuma. Na petroli ndiyo mbaya zaidi. Ukiichanganya kwenye dizeli, mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu."

"Wanasema trekta la zamani halipendi dizeli ya siku hizi," Eliezeri alisema.

"Linaipenda, baba. Dizeli halali ya sheli huwekwa dawa ya kulinda pampu. Nunua hiyo, chukua risiti. Achana na madumu ya barabarani. Rangi haikuambii mafuta yamechanganywa na nini. Na dumu lako liwe la dizeli tu, kavu na safi."

Kisha akamwita Elinipendo, akamwonyesha skrubu chini ya chujio. "Kila wiki legeza hapa, mama, maji yatoke. Shika spana."

Tangi likaoshwa. Chujio na mipira vikabadilishwa, nozeli za kupulizia dizeli zikasafishwa. Tela likawekewa breki. Trekta lilipowaka, Ebenezeri alirudisha ufunguo.

"Nisamehe, kaka. Niliuhukumu mguu wako bure."

Msimu wa kulima ulipofika, Eliezeri aliwapanga majirani. Mashamba yaliyopakana yalilimwa siku moja, ili trekta lisichome dizeli barabarani likienda na kurudi. Halikuzima hata mara moja.

Jumapili moja, nje ya kanisa, watu wakisubiri mnada wa sadaka za mazao, Elinipendo aliwasimulia akina mama kila kitu. Hakuficha. Alisimulia chipsi, tela, na ukimya wake. Alipofika kwenye petroli, mama mmoja aitwaye Winfrida alishika kichwa.

"Mume wangu huichanganya kwenye dizeli ya mashine ya kusaga," alisema. "Madumu yako jikoni. Na maharage nimeyaacha motoni!"

Alianza kukimbia. Elinipendo na Martha walimfuata, magauni ya Jumapili yamekunjwa magotini. Walimwaga maji jikoni, wakauzima moto. Wakayabeba madumu matatu hadi nje, mbali na nyumba. Mfuniko wa dumu moja ulikuwa umelegea.

Winfrida aliketi chini kwenye majani.

"Tungeteketea wote," alisema. "Na mimi nimelisema mbele za watu. Mume wangu ataniambia nini?"

Elinipendo aliketi karibu naye, akamshika mkono.

"Mimi nilinyamaza siku mbili," alisema. "Wewe umesema papo hapo. Acha aseme."