Kiti cha Pili

Kanda iliisha, kitufe cha redio kikaruka juu, lakini ule mlio haukukatika. Uliendelea kutoka kwenye spika za kompyuta, mkali, wa kukwaruza, kisha ukapungua taratibu, kama mtu anayemalizia maneno yake.

"Mwangwi tu," Shukuru alijisemea, akacheka.

Huyo ndiye Shukuru, fundi kompyuta wa Kihonda. Ukimwambia nyumba yako inaungua, atakuuliza kwanza umejuaje. Riziki yake ilitokana na kutoa harusi na misiba ya watu kwenye kanda za zamani na kuzitia kwenye flashi, na chumba chake cha kazi kilikuwa hapohapo nyumbani, mkabala na cherehani ya mkewe. Ila kanda hizi hazikuwa za harusi. Zilishuka kutoka milimani, juu huko njia ya Mgeta, ndani ya kiroba cha kabichi alichotuma mama mkwe. Zilikuwa za marehemu Veronika, dada yake mama mkwe, mwalimu ambaye padri mmoja, wakati anarudi kwao, alimwachia kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini, zile za kuchomeka kwenye televisheni na kusoma programu zake kutoka kwenye kanda ya redio. Kompyuta yenyewe ilipigwa na radi zamani. Kanda zikabaki darini zikila moshi.

"Sasa utazisoma na nini, na lenyewe lilishakufa?" mkewe, Juliana, alikuwa amemuuliza.

"Hii yangu itajifanya lile. Kuna programu ya kuigiza, mama Vero. Inaifanya kompyuta ya leo iwe ya zamani kwa kila kitu, hata ule uzito wake wa kufikiri. Programu ya zamani ikiingia humo haijui kwamba imehama nyumba."

Juliana alisimamisha cherehani. "Mama mkubwa aliacha kuongea na watu, akawa anaongea na dude hilo tu. Radi ilipolipiga, na yeye hakukaa siku nyingi, akafa. Cheza nalo wewe ukitaka, ila Vero asikae hapo. Niahidi."

"Nimekuahidi."

"Baba Vero."

"Si nimesema nimekuahidi, jamani!"

Vero alikuwa binti yao wa pekee, wa darasa la kwanza, na jina lake lote lilikuwa Veronika. Kwao Juliana jina la marehemu hapewi mtoto ili aitwe tu. Anayelirithi amekaa mahali pa mwenyewe. Mama mkwe kila akishuka mjini alimpigia goti huyo mtoto na kumwita dada, na Shukuru, mtu wa Mbeya, alikuwa anageuza uso asionekane anavyocheka.

Basi siku Juliana alipokwenda mjini kununua zipu na uzi, Vero akaja kumpandia baba yake mapajani. Jino lake la mbele lilikuwa linaning'inia, na hakuwa na habari nyingine duniani. Mtoto wa jirani, Amani, alikuwa amesharusha lake paani na kuomba jipya, na lilipogonga bati uani kote walishangilia. Mabati ya Kihonda yanasema hata punje ya mahindi ikidondoka.

"Baba, hiki nini?"

"Kompyuta ya bibi yako. Tazama."

Kioo kilikuwa cheusi, na herufi za njano zikatokea moja moja. NANI AMEKAA?

"Andika jina lako," Shukuru alisema. Ahadi aliikumbuka, msimwonee. Aliikumbuka vizuri tu, ila aliona ni mambo ya akina mama. Vero akatafuta herufi kwenye kibodi, akaandika jina lake lote, VERONIKA.

Kioo kikaandika: VERONIKA. ULIKUWA WAPI?

Mtoto akacheka, baba akacheka. Mtoto alipokwenda kucheza, Shukuru akaifungua programu ili aone ilivyoandikwa. Ilikuwa fupi. Inauliza jina, inachora mlima, inaishia hapo. Hayo maneno ya "ulikuwa wapi" hayakuwemo. Akapitia upya kila mstari kwa kidole. Hayakuwemo. Ndipo pua yake ikapata harufu ya udongo uliolowa na udi, na huo ulikuwa mwezi wa saba, Kihonda ni vumbi tupu.

Tangu hapo nyumba ikawa na kasoro. Ule mlio wa kanda ulisikika bombani kabla ya maji kutoka, ukasikika ndani ya cherehani mguu wa Juliana ukiwa haupo kwenye pedeli. Mikono ya Vero ikawa ya baridi hata juani. Siku moja Juliana alikuwa anamsuka, mtoto akageuka akamtazama kwa upole, akasema, "Juliana. Umekuwa mkubwa eeh." Juliana aliangusha kitana.

"Nani kakufundisha kuniita hivyo?"

"Nimekuitaje, mama?"

Usiku ule Juliana alimnong'oneza mumewe, "Vero alikaa kwenye ile kompyuta?"

"Hata hajaigusa."

Na Shukuru alikuwa na lake alilolificha. Programu ya kuigiza ina jambo ambalo kompyuta ya zamani haikuwa nalo: unaweza kuihifadhi ilivyo, katikati ya pumzi, ukaizima, na kesho ukairudisha palepale, kana kwamba hakuna kilichopita. Jioni moja aliihifadhi wakati Vero amesimama mlangoni na kipande cha muwa mkononi, kichwa kakiinamisha upande, akiuliza, "Baba, jino langu likitoka tutalirusha leo au kesho?" Kesho yake Shukuru akairudisha pale alipoihifadhi, na nyuma yake akasikia, "Baba, jino langu likitoka tutalirusha leo au kesho?" Aligeuka. Vero alikuwa mlangoni, kichwa upande, mkono umeshika muwa ambao haukuwepo.

"Si uliniuliza jana?"

"Jana lini, baba?"

Akajaribu tena, kwa sababu ni mtu wa kujaribu. Ikawa hivyohivyo, hata mkono. Hakujaribu mara nyingine, na hakumwambia mtu.

Juliana ndiye aliyemleta Bi Mwaisha. Jumapili walikuwa kanisani, viti vya mbele kabisa. Siku iliyofuata mganga aliyehamia kutoka Kisaki alikuwa anavua kandambili mlangoni kwao, mama mnene mwenye sauti ndogo.

"Shikamoo, Bi Mwaisha," Shukuru alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ndilo lile?" Hakuonyeshwa. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kompyuta, akakaa chini kwenye sakafu, akawasha ubani kwenye kigae. "Veronika wenu msimsingizie, amelala zake. Hili ni jini la huko juu kwenye maporomoko. Veronika lilimfanya kiti tu, mahali pa kukalia, na lile sanduku likafa, na kiti kikafa, likabaki halina pa kukaa. Wewe umeliwekea kiti kipya, kinachofanana na cha kwanza. Umelikaribisha."

Halafu moshi wa ubani, badala ya kupanda, ukaanza kwenda pembeni kama unavutwa, ukaingia kwenye matundu ya kompyuta, na feni ndani ikaanza kukohoa, na taa ikafifia ingawa umeme ulikuwepo, na kwenye kioo herufi za njano zikawa zinaandika VERONIKA VERONIKA VERONIKA bila mkono wa mtu, mstari juu ya mstari, kasi hadi zikawa rangi moja tu, na ule mlio ukapanda kutoka kwenye spika na bombani na chini ya sakafu kwa pamoja, na harufu ya udongo uliolowa ikajaa kooni mpaka Shukuru akahisi anazikwa amesimama. Bi Mwaisha peke yake hakutikisika.

"Mnafungaje kitu humu?" aliuliza kwa sauti ileile ndogo. "Nataka lisimame. Lisife, maana halifi. Lisimame."

"Naweza kulihifadhi," Shukuru alisema. "Kwenye flashi. Likae hapo hapo lilipo, lisiendelee."

"Vizuri. Kabla sijafunga, niambie. Nani mwingine alikaa hapa?"

Shukuru akamtazama mkewe. Juliana alikuwa ameshika pindo la khanga mdomoni, macho yote kwake.

"Mimi tu."

"Kiti ni wewe peke yako? Hakuna cha pili?"

"Mimi tu, bi mkubwa."

Bi Mwaisha akasoma alivyosoma, akampa ishara, Shukuru akabonyeza. Mlio ukakatika katikati. Flashi ikatiwa kwenye chupa na majivu ya ubani, ikazibwa kwa nta, Juliana akaifukia nyuma ya bafu, chini ya mgomba.

Wakapumua. Bomba likatoa maji bila kelele, mikono ya Vero ikapata joto, na Juliana akaimba tena kwenye cherehani. Kama mtoto alikuwa anauliza habari za jino lake kila jioni, aulize tu, ni mtoto. Mwalimu wake alisema ni msikivu, ila akifundishwa jambo leo, kesho ni kama hajalisikia. Wakasema mambo yale yalimchosha, atakaa sawa.

Shule zilipofunguliwa Januari, Juliana aliitoa sare ya Vero ili aishushe pindo. Alikuwa ameacha pindo kubwa makusudi, fundi yeyote anafanya hivyo kwa mtoto. Akamvalisha. Sare ilikuwa kipimo chake kilekile cha mwaka uliopita. Akachukua futi, akampima mabega, mikono, kiuno, akapima upya. Kisha akamwambia afungue mdomo. Amani wa jirani alishaota meno mapya mawili. Lile la Vero lilikuwa linaning'inia kwa uzi uleule wa nyama. Juliana alikaa chini na futi shingoni.

Jioni Vero alikuja mlangoni, kichwa upande, mkono umeshika kitu ambacho hakipo.

"Baba, jino langu likitoka tutalirusha leo au kesho?"

"Shukuru," Juliana alisema. Hakumwita baba Vero. "Vero alikaa?"

Yule mwenye maelezo ya kila kitu alilia mpaka makamasi, akasema yote.

Asubuhi Juliana alikwenda kwa Bi Mwaisha peke yake. Aliporudi, jua la mchana lilikuwa kali, na alipitia moja kwa moja nyuma ya bafu. Aliingia na chupa mkononi, kucha zimejaa udongo.

"Fungua."

"Amesemaje?"

"Aliyekaa nalo na hakutajwa, kafungwa nalo. Ukimtoa mtoto, na lenyewe linatoka, na safari hii halitaingia tena mahali pa kufungwa. Fungua."

"Mama Vero, litabaki na sisi humu ndani. Maisha yetu yote."

"Libaki! Nitakula nalo, nitalala nalo. Mimi nataka mwanangu akue. Umenisikia? Akue!"

Shukuru akaivunja chupa, akapangusa flashi kwa shati lake, akaichomeka. Akabonyeza. Herufi za njano zikatokea palepale zilipoachwa, na redio isiyo na kanda ikapiga ule mlio, ukapita juu ya vichwa vyao ukielekea mlangoni na harufu yake ya udongo, na kioo kikabaki cheusi, hakina kitu.

"Baba, jino langu li..."

Vero akatema kwenye kiganja. Jino dogo, na damu kidogo.

"Limetoka! Mama, limetoka! Mbona mnalia?"

Juliana alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anambana. Hilo nalo lilikuwa jipya, hakuwa amelisema tangu mwezi wa saba, na Juliana akamwomba aliseme tena.

Wakatoka uani wote watatu. Vero akarudi nyuma hatua kadhaa, akaomba jino jipya kama alivyomwona Amani akiomba, akarusha kwa nguvu zake zote. Waliliona likipanda, jeupe, likainama kuelekea paa. Wakasubiri ligonge.

Bati halikulia.

"Labda limepita juu," alisema Shukuru.

"Halijapita," Vero alisema. Alikuwa anatazama paani, anatabasamu na pengo lake. "Amelidaka."

Akapunga mkono.