Tairi za Kinyozi

Siku tatu kila wiki, kabla ya saa moja asubuhi, mshonaji alifunga mlango wa nyumba yake kwa mguu. Mikono yote miwili ilikuwa imemshika baba mkwe wake. Figo za mzee zilikuwa zimechoka. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alilala hospitalini saa nne nzima, damu yake ikisafishwa kwa mashine. Akichelewa, kitanda chake hupewa mgonjwa mwingine. Akikosa kabisa, miguu huvimba na pumzi humbana. Kwa hiyo mshonaji alikuwa hachelewi.

Gari lao lilikuwa la zamani, la milango minne, lenye injini kubwa kuliko shida zao zote. Lilitengenezwa kwa watu wapenda mbio, na lilipita mikono minne kabla ya kuwafikia. Mumewe, ambaye ni kinyozi, alilipenda kupita kiasi. Kila Jumapili alilisugua mpaka likang'aa. Aliwasimulia wateja habari zake huku wamefungwa shuka shingoni na hawana pa kukimbilia. Lakini kulipeleka hospitalini ilikuwa kazi ya mke. Yeye asubuhi hana nafasi, vichwa vinamsubiri.

Mwezi ule tairi zote nne zilikuwa zimelika hadi mifereji yake haionekani. Rimu moja nayo ilikuwa imepinda baada ya kutumbukia shimoni.

"Mume wangu, tairi zimekwisha," mshonaji alisema. "Na mvua ndiyo hiyo inakuja. Nenda dukani ukanunue tairi nne na rimu moja, ziwe kama zilizopo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama watoto. Hilo niachie mimi."

Akamwachia. Baadaye alijilaumu sana kwa kumwachia.

Jumanne alasiri kinyozi alirudi akipiga honi tangu mwanzo wa mtaa. Gari lilikuwa limevaa rimu mpya nne, kubwa, zinazometa kama sufuria zilizotoka dukani. Tairi zilizozizunguka zilikuwa pana, lakini ubavu wake ulikuwa mfupi kama vidole vinne tu.

"Inchi kumi na tisa!" kinyozi alisema. "Zile za mwanzo zilikuwa kumi na saba. Sasa hili ndilo gari."

"Nilikutuma tairi. Hivi ni vitu gani?"

"Ni tairi na urembo, vyote kwa mpigo mmoja. Yule muuzaji wa pale kando ya barabara amenifanyia hisani."

"Ni mpya?"

Kinyozi alichuchumaa. Akapitisha vidole juu ya tairi, vilevile anavyovipitisha kichwani mwa mteja kabla ya kuwasha mashine.

"Njoo ushike. Unaona hivi vinywele vya mpira? Tairi ikitoka kiwandani huwa navyo. Ikitembea, vinakatika. Hizi zina nywele zake zote. Mimi na nywele, nani wa kunidanganya?"

Mshonaji alishika. Kweli vinywele vilikuwepo, na mifereji ilikuwa na kina. Akarudi kwenye cherehani yake, ingawa moyo wake haukutulia.

Jumatano asubuhi, walipoingia barabara kuu, usukani ulianza kutetemeka. Kadiri alivyoongeza mwendo ndivyo ulivyotetemeka zaidi, mpaka viganja vikamwasha. Alipokata kona, kitu kilikwaruza kwa nguvu chini ya madigadi. Harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani.

"Mwanangu, gari linaumwa?" baba mkwe aliuliza kutoka kiti cha nyuma.

"Linaumwa, baba. Shika mlango vizuri."

Akapunguza mwendo. Wenye haraka wakampigia honi na kumtolea maneno. Walifika wamechelewa saa nzima. Muuguzi aliwatazama kwa huruma, akatikisa kichwa.

"Kitanda kimeshachukuliwa. Nitamtafutia mzee nafasi mwisho wa zamu, lakini atapata saa mbili tu."

"Saa mbili si nusu ya dawa yake?"

"Ni nusu, dada. Sina namna."

"Haidhuru," mzee alisema, akikaa kwenye benchi.

Ilidhuru, bwana! Mshonaji alimwona alivyoshika magoti yake, alivyovuta pumzi fupifupi. Hasira zikampanda hadi masikio yakapata moto. Akamwomba muuguzi amtazamie mzee, akatoka.

Nyuma ya hospitali palikuwa na karakana ya tairi. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye suruali ya kazi na miaka ishirini ya kufunga na kufungua magurudumu. Watu walimwita Bi Upepo, kwa sababu hakuweza kukusalimia kabla hajauliza tairi zako zina upepo kiasi gani. Aliliangalia gari lile likiingia, akaweka kikombe chake chini.

"Nani amelifanyia gari hili unyama huu?"

"Mume wangu."

"Mwite."

Kinyozi alifika baada ya robo saa. Alikuwa bado amevaa aproni, na nywele za mtu fulani zilimganda mikononi. Alianza kutabasamu, akaona uso wa mke wake, akaacha.

Bi Upepo alifungua mlango wa dereva. Pembeni pa mlango, kwenye chuma, palikuwa na kibandiko kidogo kilichopauka.

"Soma hapa, kinyozi."

"225, mkwaju, 45, R, 17. Halafu 91W."

"Umekaa na gari hili miaka mingapi?"

"Minne."

"Miaka minne unalipangusa, hujawahi kusoma karatasi hii! Sikiliza. 225 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 ni urefu wa ubavu wake, yaani asilimia arobaini na tano ya huo upana. 17 ni inchi za rimu. 91 ni namba ya uzito ambao tairi moja inaweza kubeba, kama kilo mia sita. W ni mwendo inaoweza kuvumilia. Usiniambie hukimbii. Gari hili ni zito na lina nguvu, na tairi dhaifu hupata joto haraka. Ukinunua, hizo mbili za mwisho zisipungue. Sasa soma ulizonunua."

Kinyozi aliinama. "245, 35, 19."

"Kwa hiyo ni pana zaidi, na gurudumu zima limekuwa kubwa zaidi. Ndiyo maana linakula madigadi."

"Kwani rimu kubwa ni kosa?" kinyozi aliuliza kwa sauti ya kujitetea.

"Si kosa, zikiwa zimepimwa. Ukikuza rimu, ubavu wa tairi unapungua ili gurudumu zima libaki kimo kilekile. Rimu isitokeze nje mno wala isiingie ndani mno. Tundu la kati likae sawasawa kwenye gari. Wewe ulipima?"

"Muuzaji alisema zinaingia."

"Zinaingia!" mshonaji alifoka. "Mimi sigusi mkasi kabla sijampima mtu kifua na mabega, na ile ni nguo tu! Ikibana, anavua. Hili gari baba angelivua wapi, kwenye mwendo wa themanini?"

 Bi Upepo alichukua jeki, akainua gari, akaanza kufungua nati. Alizipokea mkononi moja moja, akawaonyesha.

"Tazameni zilivyolika upande mmoja. Matundu ya rimu ni matano, na gari lina matano, kwa hiyo muuzaji akaona yametosha. Lakini nafasi kati ya tundu na tundu si ile ya gari hili. Zimepishana milimita mbili hivi. Nati zimelazimishwa, zimekaa kombo. Na tundu la kati ni kubwa, kama tundu la kifungo lililozidi kifungo chake. Gurudumu linacheza ndani yake. Huko ndiko usukani unakotetemekea. Wiki mbili au tatu, nati zingelegea."

"Zikilegea?"

"Gurudumu linakwenda zake, ninyi mnakwenda zenu."

Mshonaji alikaa juu ya tairi kuukuu. 

"Lakini tairi zenyewe ni mpya," kinyozi alisema. Maskini, alikuwa amebakiwa na hilo tu. "Bado zina nywele."

Bi Upepo alilaza gurudumu chini, upande wa ndani ukaangalia juu. Akafuta vumbi kwa kitambaa. Karibu na rimu palitokea alama ndogo ya yai, na ndani yake tarakimu nne.

"Hii muuzaji aliigeuza ndani ili usiione. Soma."

"Sifuri, tatu, moja, mbili."

"Mbili za kwanza ni wiki. Mbili za mwisho ni mwaka. Tairi hii ilitengenezwa wiki ya tatu ya mwaka elfu mbili na kumi na mbili. Vinywele hukatika kwa kutembea. Hii haikutembea, ililala stoo. Na mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Ona huku ubavuni, nyufa kama za kisigino kilichokosa mafuta. Tairi ikifika miaka mitano au sita, ipelekwe kwa fundi ikaguliwe kila mwaka. Ikifika kumi, itolewe, hata kama mifereji inapendeza."

Mshonaji alisimama. Hakupiga kelele safari hii, na kinyozi akaogopa zaidi.

"Binti yetu yuko darasa la sita. Tairi hizi zilitengenezwa kabla hajazaliwa. Nimempakia humo baba. Baba yako mzazi, si wangu. Ameshika mlango njia nzima kwa hofu, nami sikuwa na la kumwambia ila ashike vizuri. Sasa hivi amekaa kwenye benchi anahema, kitanda kimechukuliwa, kwa sababu wewe ulitaka wateja wako wapige mluzi gari likipita."

 Kinyozi alivua aproni, akaikunja, akaikunjua tena.

"Nimekosa," alisema mwishowe. "Naenda kukaa na baba. Nitamrudisha kwa teksi."

"Nenda. Na umwambie wewe mwenyewe, usinisubiri mimi."

Alipotoka, Bi Upepo aliuliza, "Rimu za zamani ziko wapi?"

"Nyuma ya kibanda chake cha kunyolea."

"Basi zimepona. Zilete."

Kesho yake kazi ilifanyika kama inavyotakiwa. Rimu tatu za mwanzo zilizungushwa kwenye mashine, zikaonekana ziko sawa. Ile ya nne ilikuwa imepinda na ina ufa. Kinyozi alitaja kuichomelea. Bi Upepo akamwambia kwamba rimu yenye ufa haifungwi kwenye gari la mgonjwa wala la mzima. Wakapata nyingine ya aina ileile kutoka kwa gari lililovunjwa, nayo ikajaribiwa kwanza. Tairi zilinunuliwa nne kwa pamoja, za aina moja, za vipimo vya kibandiko. Kinyozi ndiye aliyezikagua tarehe. Alipiga magoti sakafuni akazisoma zote nne kwa sauti. Zilikuwa na miezi mitano.

Kila gurudumu lilisawazishwa kwa vipande vidogo vya chuma. Nati mpya zilikazwa kwa kuvuka upande huu na upande ule, kwa spana inayopima nguvu. Kisha magurudumu yakanyooshwa ili yote yaelekee mbele sawasawa.

"Baada ya kilomita mia mrudi, nikaze tena nati," Bi Upepo alisema. "Na upepo pimeni kila mwezi, asubuhi, tairi zikiwa baridi. Kiasi chake kiko kwenye kibandiko hichohicho."

Zile rimu za kumeta na tairi zake bado zilikuwa uani kwa Bi Upepo, na mshonaji alikuwa bado ana moto. Akamwambia mumewe azipakie, wakaenda kwa muuzaji wa kando ya barabara.

"Dada, mzigo ukishatoka haurudi," muuzaji alisema bila kuinua kichwa.

Wanunuzi wawili walikuwa wakichagua tairi. Mshonaji alimgeukia wa karibu.

"Kaka, hebu nisomee tarakimu hizi nne."

Yule mwanamume alisoma. Mshonaji akamweleza maana yake, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Mwanamume akaigeuza tairi aliyokuwa ameishika mwenyewe. Akasoma, akaiachia ikaanguka. Mwenzake naye akaanza kugeuza.

"Dada, shusha sauti, tuelewane."

"Sishushi! Mtu mgonjwa alikuwa ndani ya gari hilo. Ulijua, ndiyo maana uliificha tarehe ndani."

Watu walianza kusogea. Muuzaji akawarudishia fedha zao haraka, akaomba waondoke. Waliondoka, na wale wanunuzi wawili wakaondoka nyuma yao.

Wiki ya nne mvua zilikuwa zimeshika kasi. Ilikuwa Ijumaa, barabara kuu imejaa maji, na mzee alikuwa nyuma. Mbele yao lori lilisimama ghafla, bila taa, bila ishara.

Mshonaji alikanyaga breki kwa mguu mzima. Aliusikia mpira ukiishika lami kupitia maji. Gari halikuyumba kushoto wala kulia. Lilisimama. Kati ya taa zake na chuma cha lori palibaki nafasi ya mtu mmoja kupita.

Alibaki ameshika usukani. Akazikumbuka zile tairi, na zile nati zilizokaa kombo. Hasira zikamrudia upya hadi machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

Nyuma yake mzee alifumbua macho. Alikuwa amelala njia nzima.

"Tumefika, mwanangu?"

"Bado, baba. Tumesimama tu."

"Basi twende. Wasije wakampa mtu kitanda changu."