Mkono wa Nurdini

Haya yalimpata rafiki yangu Evodia, mwalimu wa jiolojia pale Dodoma. Mkulima mmoja wa Chamwino alimpigia simu kwamba mvua imefukua jiwe lililojiviringisha kama konokono, kubwa kuliko gurudumu la trekta. Evodia hakuamini. Kisukuku cha amonaiti, mnyama wa baharini, kingefikaje huku bara? Alasiri ileile akaondoka na Nurdini, dereva wa chuo chao.

Walikikuta korongoni, mbali na nyumba yoyote, kimesimama wima mchangani. Evodia akapapasa matuta ya gamba lake, akatambua kuwa kweli ni amonaiti. Mdomo wa gamba hilo ulikuwa umejaa udongo. Nurdini akaanza kuuchokonoa kwa vidole, mkono ukazama hadi kwenye kiwiko.

"Dada, kuna kitu kimenishika," alisema kwa sauti ya chini.

Evodia alimvuta kiunoni, mkono haukusogea. Akaligonga jiwe kwa nyundo, halikumeguka hata chembe. Simu haikuwa na mtandao. Jua likazama, giza likajaa korongoni, na ndani ya jiwe wakaanza kusikia maji yakienda na kurudi taratibu. Nurdini alikuwa akisoma dua. Evodia alibaki amemkumbatia tu, akilia, maana hakuwa na jingine la kufanya.

Sauti ilipokoma, mkono ukaachiwa. Evodia akaumulika. Haukuwa na jeraha. Ngozi ilikuwa imekunjamana hadi kwenye kiwiko, kama ya mtu aliyefua nguo kutwa nzima, na kwenye pete ya Nurdini ulikuwa umenasa mwani mbichi.