Handaki la Fundi Miwani

Treni iliingia handakini ikakawia kutoka.

Fundi miwani alikuwa amekaa kwenye stuli yake, kidole juu ya kitufe cha mwendo, na kwa mazoea alikuwa akihesabu kimoyomoyo. Handaki lile alilitengeneza mwenyewe kwa waya, magazeti na gundi, na alijua treni hulipita kwa kuhesabu nne. Moja, mbili, tatu, nne. Kimya. Tano, sita. Magurudumu yalisikika, lakini kwa mbali, kama ya treni iliyo upande wa pili wa kilima cha kweli. Alipofika tisa ndipo taa ikachomoza, na mabehewa matano yakafuata taratibu, kama yaliyotoka safari ndefu.

"Baba, ilisimama kushusha watu," alisema binti yake.

Binti huyo alikuwa na miaka minane, na nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kila Jumamosi alasiri alikaa na baba yake chumba kile, akipaka rangi miti midogo ya sifongo na kutangaza treni zinazofika na zinazoondoka. Zamani kilikuwa chumba cha wageni. Tangu meza kubwa ya mbao ya kuwekea reli iingie, wageni walilala sebuleni kwenye kochi, na mke wa fundi, aliyekuwa mkunga, akaipa meza jina la mke mwenza.

"Mke mwenzangu hajambo?" huuliza akitoka zamu, kabla hata ya kuvua viatu. "Amekupikia, au na leo unanisubiri mimi?"

Mumewe hucheka. Siku nzima dukani alikuwa akisaga vioo na kukaza skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Jioni alitaka mikono ile ile ifanye jambo lisilo na mteja wa kulilalamikia.

Siku ile aliinama akaweka pua kwenye mdomo wa handaki. Alisikia harufu ya moshi wa makaa ya mawe, moshi wenye unyevunyevu. Treni yake ilikuwa ya umeme. Akajiambia jirani anachoma takataka, akafunga dirisha.

Kilichokuwa kipya pale mezani kilikuwa kokoto tu. Wenzake wenye mapenzi ya treni ndogo hununua changarawe ya dukani, lakini yeye alitaka kitu cha kweli. Wiki mbili nyuma alipanda hadi kwenye reli ya zamani isiyopita treni tena, akajaza mfuko mawe kwenye mdomo wa handaki lililoachwa. Akayaponda, akayachekecha, akayagandisha kandokando ya reli zake kwa kibano cha kazini. Ilipendeza mno. Hata mkunga alisimama mlangoni akakiri kwamba mke mwenza amevaa.

Baada ya hapo vitu vikaanza kuhama. Benchi la stesheni lilikutwa limegeuzwa kutazama handaki. Kesho yake miti yote ilikuwa imeinama upande mmoja. Fundi alimwuliza Chiriku, Chiriku akaapa. Akabaki mtu mmoja wa kumshuku.

Jumatatu alirudi mapema. Akiwa ukumbini, anavua koti, alimsikia mkewe ndani ya chumba cha treni, akisema peke yake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea huku ameuma meno: "Siku moja nitalitia moto hili dude. Na yeye nitamwacha na majivu yake."

Akafungua mlango. Hakuna mtu. Dirisha lilikuwa wazi, pazia linacheza.

Saa mbili baadaye mkunga aliingia na mkoba begani, amechoka, na mumewe akamtazama kama askari wa forodha.

"Umetokea wapi?"

"Kazini, jamani. Nimezalisha watatu, mmoja ametanguliza miguu. Kwani vipi?"

"Hukupita hapa saa tisa?"

"Nipite kufanya nini?"

Fundi aligeuka akatazama dirisha. Moyoni alisema: mke wangu ameanza kuruka madirisha na kunidanganya usoni.

Mkunga naye hakujua kwamba zamu yake ya kushuku ilikuwa njiani. Jumatano alirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku. Mtoto alikuwa shule, mume dukani, nyumba imetulia. Alikuwa anakwenda kulala aliposikia sauti ya mumewe nyuma ya mlango wa kile chumba. Ilikuwa sauti aliyomjua nayo zamani walipokuwa wachumba, sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka. "Kaa hapa," ilisema. "Hapa ndipo kwako. Huyo hajui kitu." Kisha mwanamke akacheka, kicheko kifupi cha kooni.

Alipofungua alikuta meza tu, dirisha wazi, na harufu ya moshi. Akazunguka nyumba nzima akitafuta, kisha akapiga simu dukani, na mumewe mwenyewe akapokea.

"Umefika kazini saa ngapi leo?" aliuliza mkunga.

"Saa mbili, kama kawaida. Kuna nini?"

"Hakuna," alisema, akakata. Duka lilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano tu, na mtu mwenye haraka hukimbia. Hakulala. Alikagua kola za mashati yote kwenye kapu la nguo chafu, akaona aibu, na bado akaendelea kukagua.

Wakaanza kuishi kama wapangaji wawili wasiopatana. Chumvi ilipitishwa mezani bila neno. Kila mmoja alisubiri mwenzake ajichongee. Kwa kuwa walikuwa wanachungana wao kwa wao, hakuna aliyemchunga Chiriku, na hawakuona kwamba mtoto ambaye zamani ungemlipa anyamaze sasa alikuwa anaweza kukaa saa nzima bila kusema lolote, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza maelekezo.

Wiki iliyofuata, Jumanne saa kumi na mbili jioni, mvua ilikuwa ikinyesha na umeme umekatika. Fundi alifika nyumbani, akatingisha mwavuli, akasikia mlio wa treni. Alisimama. Taa za ukumbini hazikuwaka, friji ilikuwa kimya, taa ya mtaani imezimika, na nyuma ya mlango ule treni yake ya umeme ilikuwa inazunguka, tena si kwa ule mlio mwembamba wa cherehani anaoujua, bali kwa mlio mzito uliotoka sakafuni na kupanda kwenye nyayo zake, mlio wa chuma juu ya chuma, na katikati ya mlio huo palikuwa na kitu kama minong'ono ya abiria wengi waliobanana gizani.

Akasukuma mlango. Chiriku alikuwa amelala kifudifudi juu ya meza, mikono imenyooka pembeni, na kichwa chake kilikuwa ndani ya handaki. Mdomo wa handaki lile haukuwa mpana kuliko kikombe cha chai, fundi aliupima mwenyewe kwa rula, na kichwa cha mtoto kilikuwa kimeingia chote mpaka mabegani, bila waya kupinda wala karatasi kuchanika, na miguu yake midogo ilikuwa inasukuma, taratibu, ili aingie zaidi.

Hakukumbuka baadaye alivyofika. Alimshika kiunoni akamvuta, akahisi upande wa pili nako wanavuta, si kwa nguvu, kwa utulivu tu wa mtu anayejua ana siku nyingi, akamvuta tena kwa uzito wake wote mpaka wakaanguka chini pamoja. Nywele za mtoto zilikuwa zimejaa masizi, na mashavu yake ya baridi kama jiwe la mtoni. Handaki lilikuwa limerudi kuwa kikombe cha chai. Treni ilikuwa imesimama.

"Nani kakwambia uingie humo? Nani?"

"Mama," alisema Chiriku, kama anayeamshwa usingizini. "Kasema niingize kichwa nione watu. Kila siku ananiambia nisikwambie."

Hofu ilipomzidi iligeuka hasira, kwa kuwa hasira ilikuwa na mahali pa kwenda. Alimpeleka mtoto chumbani kwake, akamfunika blanketi, kisha akaingia jikoni. Mkewe alikuwa anakata vitunguu kwenye mwanga wa mshumaa.

"Umemwambia mtoto nini, Mama Chiriku?"

"Mimi? Nimesimama hapa tangu mvua ianze!"

"Unanichukia mimi, sawa. Mtoto amekukosea nini?"

"Wewe ndiye wa kuniuliza?" Kisu kilianguka. "Wewe unayemwingiza mwanamke kwenye chumba cha treni na kumpitisha dirishani? Nimewasikia kwa masikio yangu, Baba Chiriku! Unambembeleza kama ulivyokuwa ukinibembeleza mimi!"

"Mwanamke gani? Wewe ndiye—"

Mkewe alikuwa amemshika mkono. Macho ya mkunga yalikuwa yamemtoka.

Kutoka chumba cha treni, polepole, kwa upole, sauti ya mkunga iliita: "Chiriku. Njoo, mwanangu."

Na sauti ya fundi miwani ikaongezea: "Njoo tu, mama. Baba yupo hapa."

Wale wawili walikuwa wamesimama jikoni, uso kwa uso, midomo imefumba. Fundi aliona midomo ya mkewe ikitetemeka bila kutoa kitu, na mkewe aliona ya kwake, na katika dakika ile ile yote waliyokuwa wameshukiana, madirisha, kola, ukimya wa mezani, yaliwaporomokea kwa pamoja, wakaelewa ni nani aliyekuwa akila pamoja nao siku zote hizo. Na kabla hawajapumua wakasikia mlango wa Chiriku ukifunguliwa na nyayo zake peku zikija ukumbini, pa, pa, pa, za mtoto mtiifu anayeitikia wazazi.

"Naja," alisema Chiriku.

Mkunga alimfikia wa kwanza. Alimziba masikio kwa viganja vyenye harufu ya vitunguu, wakatoka nje kwenye mvua wote watatu bila viatu.

Walilala kwa jirani. Asubuhi mkunga alimleta mganga, mama mmoja mnene wa makamo ambaye wajukuu zake wote wanne walizaliwa mikononi mwa mkunga huyo. Alikuja na pochi ya mkononi na miwani yenye fremu nyekundu.

"Miwani hii ulinitengenezea wewe," alimwambia fundi. "Inanibana sikio la kushoto. Tutaongea baadaye."

Alisimama mbele ya meza muda mrefu. Hakuitazama treni. Alichukua chembe moja ya kokoto, akainusa, akairudisha haraka.

"Hizi umezitoa wapi?"

Fundi akamweleza.

"Mwanangu," alisema mganga, "wale wenye sauti walikuwa wamekaa pale handakini tangu treni ya mwisho ipite. Ukayabeba malango yao kwenye mfuko, ukawajengea humu humu nyumbani reli, stesheni na handaki. Wangekataaje?" Akawageukia wote wawili. "Nijibuni kweli. Kuna aliyewapa neno? Aliyewaahidi chochote? Nikiwatoa, watadai walichoahidiwa."

Fundi alitikisa kichwa. Mkunga naye alitikisa kichwa.

Kazi ilichukua siku nzima. Mganga alifukiza ubani akasoma kwa sauti ya chini, na fundi, kwa kisu chembamba, alikwangua kokoto zote alizozigandisha, chembe kwa chembe, mpaka vidole vikatoka damu. Adhuhuri taa zote za stesheni ndogo ziliwaka zenyewe, na watu wasioonekana wakaanza kulia kama abiria walioachwa. "Usiinue kichwa," alisema mganga. "Kwangua." Alikwangua. Saa kumi na moja walilivunja handaki, wakamimina kila kitu mfukoni, na mganga mwenyewe akaenda na fundi kuyarudisha mawe yalikotoka. Waliporudi nyumba ilikuwa na harufu ya ubani na vitunguu tu. Chiriku aliongea tangu mlangoni mpaka wakati wa kulala, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Meza ilitolewa. Kitanda cha wageni kikarudi chumbani. Fundi na mkewe walianza upya, kwa tahadhari ya watu waliotoka hospitali: walizungumza, wakaombana radhi, hata wakafika mahali pa kucheka juu ya zile kola za mashati. Miezi mitano ikapita hivyo.

Alasiri moja, mtoto akiwa bado shule, walikuwa wamekaa sebuleni wanakunja nguo.

"Kuna jambo sijawahi kukushukuru," alisema mkunga. Alikuwa anatabasamu, macho kwenye shuka. "Ile Jumapili asubuhi, siku mbili kabla ya yale ya mvua. Nilikuwa nimeshapanga nguo zangu. Nilikuja mpaka mlango wa kile chumba kukuaga, ukaniomba radhi ukiwa ndani. Ukasema nisifungue, unaona aibu. Hujawahi kuniomba vile, na hata zile sauti hazingeweza kuigiza vile. Ndipo nikarudisha begi, ingawa yule mwanamke hakunitoka rohoni."

Fundi miwani aliacha kukunja. Ile Jumapili alikuwa ameondoka alfajiri bila kuaga kwenda dukani, kumalizia vioo vya mteja. Alirudi saa saba.

"Ukaniambia nini?" aliuliza. "Na wewe ulinijibu nini?"

"Umesahau? Uliniuliza kama nitakaa na wewe siku zote." Mkunga alicheka kwa aibu kidogo, kama msichana. "Nikaweka mkono mlangoni nikakwambia nakuahidi, mimi ni wako na popote utakaponiita nitakuja. Mbona unaniangalia hivyo? Hukumbuki?"

Alifungua mdomo amjibu. Kutoka chumba cha wageni, nyuma ya mlango uliofungwa, sauti yake mwenyewe ilijibu, kwa upole mkubwa:

"Nakumbuka, mke wangu. Njoo."